Bei ya Mafuta na Mizani ya Mwenyezi Mungu

Yamkini msomaji mpenzi ambaye bado anaichunguza dini, na hata ndugu aliyeingia katika Uislamu siku si nyingi, atastaajabu kuona ukurasa wa dini ukishughulika na bei ya petroli. Atasema moyoni: Mambo ya mafuta yana mawaziri wake na wafanya biashara wake, kazi ya dini ni sala, saumu na habari za Akhera. Fikira hii si ngeni. Ni ya zamani mno, na Kurani Tukufu imetuhifadhia habari za watu waliokuwa nayo kabla yetu. Hao ni watu wa Madiani, ambao Mwenyezi Mungu aliwapelekea Nabii Shuaibu a.s. Walikuwa watu wa biashara, na dhambi yao kubwa, baada ya kuabudu wasiostahili kuabudiwa, ilikuwa kupunja vipimo na mizani. Shuaibu a.s. alipowaonya, walimwuliza kwa dhihaka kama hizo sala zake ndizo zinazomwamuru awazuie wasifanye wapendavyo katika mali zao.

Walidhani wamemnyamazisha, kumbe walisema kweli bila kujua. Naam, sala zake ndizo zilizomwamuru. Sala isiyofika sokoni, isiyogusa pishi, ratili na lita, haijatimia. Kwa hiyo tusiogope kuzungumza habari za mafuta mbele ya Mungu, maana hakuna bidhaa nyingine katika zama zetu inayopita katika mikono mingi kama hii, wala inayowafikia hata wale ambao hawajapata kuinunua.

Mafuta yenyewe si kitu kiovu. Wataalamu wanatufahamisha kwamba yalitokana na viumbe vidogo mno vya baharini, vilivyojilisha kwa nuru ya jua, vikafa, vikazikwa chini ya matope, na kisha joto na uzito wa tabaka za ardhi vikavigeuza kwa muda wa mamilioni ya miaka. Katika sura ya Yasin Mwenyezi Mungu anawakumbusha wanadamu kwamba Yeye ndiye aliyewatolea moto katika mti mbichi, nao wakawasha. Wafasiri wa kale walitaja miti fulani ya Arabuni ambayo matawi yake yakisuguliwa hutoa cheche. Sisi wa leo, tunaojua kwamba makaa ya mawe yalikuwa misitu na kwamba mafuta yalikuwa uhai wa kijani baharini, tunayo sababu kubwa zaidi ya kushangazwa na maneno hayo. Ni akiba iliyowekwa ardhini kabla ya mtu wa kwanza kuzaliwa.

Mwaka 1859 kisima cha Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilipochimbwa, watu hawakuwa wakitafuta mafuta ya kuendeshea gari. Gari la petroli lilikuwa bado. Walitaka mafuta ya taa, ili watu wapate mwanga usiku. Iran yalipatikana mwaka 1908, Saudia mwaka 1938. Na kutoka kwenye taa yakaingia katika kila kitu. Yule mama wa Dar es Salaam ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli anakula unga wa mahindi yaliyoletwa na lori kutoka Songea au Sumbawanga, yakasagwa pengine katika mashine ya dizeli. Dagaa wake amevuliwa na mashua yenye injini. Na mtoto wake anakwenda shuleni kwa basi. Kila tonge lina tone la mafuta ndani yake. Basi bei ikipanda kwenye meli iliyotia nanga bandarini, baada ya majuma machache imekwisha fika katika sufuria ya mama huyo, hali yeye hakuulizwa lolote.

Ulimwengu ulilitambua jambo hili kwa ghafula mwaka 1973. Vita vilizuka baina ya Waarabu na Israeli tarehe 6 Oktoba mwaka huo, na siku kumi na moja baadaye nchi za Kiarabu zenye mafuta zilitangaza kupunguza uchimbaji, kisha zikazinyima mafuta Marekani na baadhi ya rafiki za Israeli. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 3 lilipita dola 11 ilipofika Januari 1974. Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi zilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakatembea kwa miguu katika barabara kuu. Tanzania nayo ilipitia miaka ambayo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Lakini kwa Mholanzi ile ilikuwa adha ya siku chache, na wengine waliifanya kuwa matembezi. Kwa nchi zetu ulikuwa mzigo wa miaka mingi. Sisi hulipa mafuta kwa fedha za kigeni, na fedha hizo tulizipata kwa kahawa, pamba, katani na chai, ambazo bei yake hatukuwa na amri juu yake. Hayati Mwalimu Julius Nyerere alizoea kuueleza ulimwengu jinsi trekta lile lile lilivyokuwa likihitaji katani nyingi zaidi kila mwaka ili lipatikane. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Iran, pipa likapita dola 30, nayo Tanzania wakati huo huo ilikuwa imetoka katika vita na Idi Amin. Waliokuwapo wanakumbuka foleni.

Hapa kuna swali ambalo Mwislamu hapaswi kulikwepa. Wengi wa waliopandisha bei walikuwa Waislamu. Je, walikosa? Haki inatutaka tuseme pande zote mbili. Kwa miaka mingi kabla ya hapo makampuni ya Ulaya na Marekani ndiyo yaliyojipangia bei ya mafuta ya watu wengine, na mwenye mali kudai thamani ya mali yake si dhuluma. Tena katika miaka ile ile fedha za mafuta zilianzisha vyombo vya kuzisaidia nchi maskini: Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi ya Afrika ilianza kazi Khartoum mwaka 1975, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianza mwaka huo huo, na nchi za OPEC zikaunda mfuko wao mwaka 1976. Lakini nchi maskini zililalamika kwamba kilichorudi kwa mkono wa msaada kilikuwa kidogo kuliko kilichochukuliwa kwa mkono wa bei, na malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Mtu aliyeneemeshwa na Mungu bila jasho kubwa ataulizwa zaidi. Sitakwenda mbele ya hapo, maana ni rahisi sana kuhubiri juu ya dhambi za mfalme aliye mbali.

Bei hizo hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Julai 2008 pipa lilifika dola 147. Tarehe 20 Aprili 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umewafungia watu majumbani, bei katika soko moja la Marekani ilishuka chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta alimlipa mtu ayachukue! Na baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, pipa likapita tena dola 120, na mbolea nayo ikapanda, mpaka Serikali ya Tanzania ikalazimika kutoa ruzuku ya mafuta na ya mbolea. Katika mambo haya yote mkulima wa Iringa au mvuvi wa Lamu hana amri hata kidogo. Hatauliziwa kwa nini kulikuwa na vita Ukraine.

Lakini, ndugu msomaji, iko sehemu nyingine ya mzigo huu ambayo haitoki Ulaya wala Uajemi. Tunaitengeneza wenyewe, hapa hapa, kwa mikono yetu. Na juu ya hiyo tutaulizwa.

Chukua jambo la mafuta ya taa. Kwa miaka mingi Serikali ya Tanzania iliyatoza ushuru mdogo, kwa kuwa ndiyo mafuta ya maskini: ya koroboi, ya chemli, ya jiko la utambi. Dizeli ilitozwa ushuru mkubwa. Wafanya biashara wasio na hofu ya Mungu wakaona faida katika tofauti hiyo. Wakayanunua mafuta ya taa kwa bei ya maskini, wakayachanganya na dizeli, wakaiuza kwa bei ya dizeli. Injini za watu zikaharibika. Ndipo neno “kuchakachua” lilipoenea midomoni mwa watu wote, hata likatumika kwa kura na kwa vyeti. (Si fahari kwa taifa lugha yake kutajirika kwa njia hiyo.) Mwisho wake ulikuwa nini? Katika bajeti ya mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi kupita shilingi 400, ili pasiwe tena na faida ya kuchanganya. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo.

Siilaumu Serikali hapa. Ilikuwa na ugonjwa wa kutibu, na dawa yake ilikuwa chungu. Nataka tu msomaji autazame ugonjwa wenyewe. Aliyechakachua alikuwa mjini, na pengine alikwisha jenga nyumba kwa faida ile. Aliyelipa ni mjane wa kijijini anayenunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa ndogo, na mwanafunzi aliyezima koroboi saa mbili usiku ili mafuta yafike kesho. Hawa wawili hawakujua hata jina la yule mtu. Yeye pia hakuwajua, na bila shaka kama angeulizwa angesema, “Mimi sijamwibia mtu, nimechanganya tu.” Ndivyo ilivyo dhambi ya sokoni: mwenye kuitenda haoni uso wa anayemdhulumu.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali alijitetea kwamba mvua iliinyeshea. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona. Kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi hahesabiwi katika wafuasi wake. Tafakari jambo hili. Hakuhubiri juu ya udanganyifu akiwa mimbarini tu. Aliingiza mkono. Leo kazi hiyo inafanywa na wakaguzi wa vipimo wanaofungua pampu na kuchukua sampuli, na mkaguzi mwaminifu anayekataa bahasha anashika sunna kubwa, hata kama hajui kwamba inaitwa hivyo.

Ushahidi mwingine ni wa Agosti 2011. Mdhibiti wa nishati wa Tanzania, EWURA, alitangaza bei kikomo mpya zilizopungua. Ungedhani watu wangefurahi. Badala yake pampu nyingi zilikauka, siyo kwa kuwa nchi haikuwa na mafuta, bali kwa kuwa wenye mafuta hawakutaka kuuza kwa bei ile. Foleni zikawa ndefu, madumu yakapangwa barabarani, wachuuzi wakauza petroli kwa chupa kwa bei waipendayo. Serikali ilitoa muda wa saa 24, na baadaye kampuni moja ilisimamishiwa leseni. Tena mwezi ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mtume Mtukufu s.a.w. amemhesabu mwenye kuficha bidhaa ili ipande bei kuwa ni mkosaji, bila kuuliza kama anafunga au hafungi.

Kuna anayesema: “Mbona Mtume s.a.w. mwenyewe alikataa kuweka bei?” Ni kweli. Bei zilipopanda Madina watu walimwomba azipange, naye akakataa, akieleza kwamba kupungua na kuzidi kwa riziki kumo mikononi mwa Mungu, na kwamba alitumaini kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kuwa na madai ya dhuluma juu yake. Lakini mtu asikate Hadithi hii nusu. Yeye aliyekataa kupanga bei ndiye aliyekataza kuficha bidhaa. Ndiye aliyekataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara na kuinunua mali kabla haijafika sokoni na kabla wenyewe hawajajua bei. Ndiye aliyefundisha kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wote wana fungu ndani yake. Bei aliyoiacha huru ni bei ya soko safi. Penye wauzaji wachache wanaoshauriana, hakuna soko hilo, na miongoni mwa wanachuoni wa baadaye Ibn Taimiya alishika rai kwamba hapo mtawala anaruhusiwa kuwalazimisha wauze kwa bei ya haki.

Tena tusiishie kwa wenye matangi makubwa. Tangazo la bei mpya linapotoka, na kwa Tanzania hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na Kenya kila tarehe 14, mwenye duka mtaani hupandisha siku ile ile bei ya chumvi aliyoinunua miezi miwili iliyopita. Lori la zamani lilikwisha ileta. Hakuna tone la mafuta mapya lililotumika. Bei ya mafuta ikishuka, chumvi haishuki. Utingo naye anaongeza nauli mvua inaponyesha na kusema ni mafuta. Kila mmoja anachukua kidogo na kumtupia lawama Mwarabu au Mrusi, na vidogo hivyo vikijumlishwa vinamwelemea mtu wa chini kuliko kile kilichotoka bandarini. Ndugu mwenye duka, mwenye pikipiki, mwenye mashine ya kusaga: hesabu kwa uaminifu ni kiasi gani gharama yako imeongezeka, uongeze kiasi hicho. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa, na mtu anaweza kulitenda kesho asubuhi.

Uhitaji ukizidi, thamani ya uhai hushuka. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan, Kenya, na tarehe 10 Agosti 2019 mjini Morogoro, Waislamu wakijiandaa kwa Idi ya kuchinja, malori ya petroli yalipinduka, watu wakakimbilia na ndoo na madumu, moto ukalipuka, na kila mahali wakafa watu zaidi ya mia moja. Wapo waliosema hao walikufa kwa tamaa. Mimi sisemi hivyo. Mola wao ndiye ajuaye mioyo yao, na sisi tulioshiba si waamuzi wema wa mtu anayehatarisha roho yake kwa dumu moja. Swali letu liwe juu ya jamii ambamo dumu moja la petroli limekuwa utajiri wa kufiwa.

Wengine wanatumaini kwamba tukigundua mafuta yetu wenyewe taabu itakwisha. Nigeria imechimba mafuta tangu miaka ya 1950, na bado watu wake wamesimama foleni kwenye vituo mara nyingi. Januari 2012 ruzuku ilipoondolewa, nchi nzima ilisimama kwa mgomo. Mafuta chini ya miguu hayaleti uaminifu juu ya ardhi. Na sisi wenyewe tunacho kisa cha kutufunza subira, au pengine cha kututia haya: gesi ya Songo Songo, mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, katika ule ule mwaka ambao bei ya mafuta ilituumiza, nayo ikakaa chini ya kisiwa miaka thelathini, mpaka mwaka 2004 ilipoanza kuzalisha umeme Dar es Salaam. Akiba ilikuwapo nyumbani, hali sisi tulikuwa tukihangaika kuuza katani.

Juu ya akiba hakuna mwalimu kama Nabii Yusufu a.s., ambaye habari zake Wakristo pia wanazisoma katika kitabu cha Mwanzo. Alipofasiri ndoto ya mfalme wa Misri, miaka saba ya neema na saba ya dhiki, hakuishia katika kufasiri. Alitoa mpango: walime kwa bidii, walichovuna wakiache katika masuke yake ila kile kidogo watakachokula. Kisha akaomba mwenyewe awekwe juu ya hazina, akitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na ni mwenye kujua. Nchi tajiri zilijifunza jambo hili mwaka 1974 zilipounda Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo wanachama wake wanaoagiza mafuta hutakiwa kuweka akiba ya siku 90. Lakini mpango wa Yusufu a.s. ulianza katika miaka ya shibe, wakati ambapo hakuna aliyeona haja yake. Nasi bei inaposhuka ndipo tunapoacha kuzungumza habari za jua, za maporomoko ya maji, za reli, na za taa ndogo ya mwanga wa jua ambayo katika nyumba nyingi za vijijini imekwisha ifukuza koroboi pamoja na moshi wake.

Iko sehemu moja ya kisa hicho ambayo watu huipita haraka. Njaa ilipoenea mpaka Kanaani, walifika Misri kutafuta nafaka ndugu kumi wa Yusufu a.s., wale wale waliomtupa kisimani. Wao hawakumtambua, yeye aliwatambua. Ghala zote zilikuwa mkononi mwake, bei ilikuwa mdomoni mwake, na hapakuwa na nafaka mahali pengine. Akaamuru wapimiwe kipimo kamili, akawakumbusha kwamba yeye hapunji; kisha akawaambia watumishi wake wairudishe mali waliyoileta kuwa bei, waitie kimya kimya ndani ya mizigo yao, wasiione mpaka watakapofika kwa baba yao.